Skrubu ya bunduki ya babu ilivyokutwa mdomoni mwa mtoto

Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Mama alikiona pale mtoto wake wa miaka miwili alipofungua mdomo kulilia uji: kitu cheusi kimelala juu ya ulimi. Kwa kuwa kilionekana wazi, alikitoa kwa kidole, akakiosha, akakiweka juu ya sahani na kukitazama. Skrubu. Alikagua redio, cherehani, miwani ya bibi na feni ya sebuleni. Hakuna kilichopungukiwa.

Jioni mumewe aliporudi, alisogezewa sahani ile kabla ya chakula.

"Baba watoto, hii ni ya nini?"

Mwanamume aliigeuzageuza chini ya taa. Alikwishaijua, lakini alichukua muda kusema.

"Ya bunduki ya mzee."

Familia hii, ambayo majina yao yamehifadhiwa, inaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, upande wa kuelekea Pori la Akiba la Rungwa. Bunduki yenyewe ni Mauser ya Kijerumani ya mtindo wa 1898, ile ya kukoki kwa mkono: unanyanyua kishikio cha bolti, unavuta nyuma, unasukuma mbele. Inatumia risasi ya 9.3x62, aina iliyobuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa wakija kulima na kuwinda Afrika. Babu wa watoto aliinunua kihalali kwa mlowezi aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, akaitumia maisha yake yote.

Alipofariki, bunduki ilikwenda polisi kwanza. Leseni ya silaha hupewa mtu, haipewi ukoo. Mtoto wa marehemu alilazimika kuomba ya kwake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, akasubiri, akahojiwa, akapata. Wapo wanaorithi kimyakimya na kuficha kitu darini. Hao wana shida kubwa kuliko skrubu, na makala haya hayawezi kuwasaidia.

"Bunduki imemkataa"

Matatizo yalianza porini. Akiwa na leseni na kibali cha uwindaji mkononi, kijana alimkosa swala kwa umbali ambao baba yake hakuwahi kukosa. Safari ya pili alimpiga kongoni, lakini risasi ilipanda juu. Walifuata matone ya damu hadi giza likaingia, kesho yake wakarudi na hawakumpata. Kwa mtu aliyelelewa na mwindaji, hilo ni jambo zito. Baba yake alikuwa akisema mnyama uliyemjeruhi ni deni, na mnyama mkubwa aliyejeruhiwa ni hatari kwa mtu wa kwanza atakayepita njia hiyo, ambaye mara nyingi ni mwanamke anayetafuta kuni au mtoto anayechunga mbuzi.

Nyumbani maneno yakawa mengi. Baba mdogo alisema bunduki haikukabidhiwa kimila, imemkataa mrithi, na kwamba kuku mweusi angemaliza jambo hilo. Kijana hakumbishia baba yake mdogo. Alinunua risasi zaidi, na zile si rahisi kupatikana wala si za bei ndogo, akapiga kwenye boksi alilolitundika uwanja wa kujaribia shabaha. Zilikwenda kushoto. Akagonga shabaha ya mbele kwa nyundo kidogo kuisogeza. Wiki iliyofuata zikaenda kulia.

Hapo ndipo alipotikisa bunduki karibu na sikio, akasikia "tki". Chuma kilikuwa kinacheza ndani ya mbao.

Chini ya bunduki ya aina hii kuna skrubu kubwa mbili: moja mbele ya magazini, nyingine nyuma ya kikinga cha kifyatulio. Hizo ndizo zinazoshikamanisha chuma cha juu, yaani mtutu na mtambo wake, na kitako cha mbao. Hakuna kingine cha maana kinachovishika. Mauser nyingi za mtindo huo zina pia skrubu mbili ndogo sana, kila moja pembeni ya kubwa. Kazi yake ni kuizuia ile kubwa isijifungue. Jumapili moja baada ya ibada, kijana alikaa juu ya mkeka sebuleni, watoto wamemzunguka, akachukua kisu cha jikoni. Akafungua zile ndogo, kisha akazikaza zile kubwa mpaka mkono ukauma. Skrubu ndogo moja aliirudisha. Ya pili ilibingirika chini ya mkeka, akasema ataitafuta.

Hiyo ndiyo aliyoiona mkewe.

Mke alisikiliza hadithi yote hiyo bila kumkatiza. Alipomaliza, aliuliza swali moja tu.

"Siku ile, ndani kulikuwa na risasi?"

"Haikuwa na risasi."

"Uliangalia?"

Hakujibu. Alijaribu kukumbuka kama alivuta bolti nyuma kabla ya kukaa mkekani, na hakuweza. Mtoto wao wa kwanza, mwenye miaka tisa, ndiye aliyekuwa ameshika upande wa mtutu kumsaidia baba isiyumbe.

Kwa nini skrubu hulegea

Baba wengi hudhani skrubu ikilegea ni uzembe wa aliyeikaza. Kwa bunduki kuukuu, mara nyingi ni mbao. Mbao haikai na ukubwa mmoja. Masika inavuta unyevunyevu kutoka hewani na kutanuka. Kiangazi inaupoteza na kusinyaa, hasa kwa upana na unene, si kwa urefu. Skrubu za bunduki zinapita katika unene wa mbao. Kwa hiyo mbao ikisinyaa kidogo tu, chuma cha juu na chuma cha chini havibanwi tena, hata kama hakuna aliyegusa skrubu. Mama yeyote aliye na mlango unaokwama masika na kufunguka wenyewe kiangazi ameshaona jambo hilohilo nyumbani kwake. Katika mkoa mkavu kama Singida, tofauti ya misimu si ndogo.

Kuna sababu ya pili, na hii hutokana na mapenzi. Mzee alikuwa akiipaka bunduki mafuta kila Jumamosi na kuisimamisha kwenye kona, mtutu juu. Mafuta hushuka. Yanapita kwenye chuma, yanaingia kwenye mbao mahali penyewe skrubu zinapobana, na baada ya miaka arobaini mbao hapo inakuwa nyeusi na laini kama mkate uliolowa. Ukikaza skrubu kwenye mbao ya namna hiyo huibani, unaisaga. Inashika leo, wiki ijayo imelegea, unakaza tena, inazama zaidi.

Na sababu ya tatu ni teke la bunduki. Chini ya mtambo wa Mauser kuna jino la chuma linaloegemea ukuta wa mbao. Kila risasi inapotoka, jino hilo ndilo linalopokea teke na kulipeleka kwenye kitako, kisha kwenye bega la mpigaji. Skrubu zikiwa zimekaza sawasawa, jino limelala kwenye ukuta wake na teke linasambaa. Zikiwa zimelegea, chuma kinarudi nyuma kwa kasi na kuigonga mbao kama patasi. Ufa huanzia nyuma kabisa, pale mkia wa mtambo unapoingia kwenye shingo ya kitako, unaonekana kama unywele, na siku moja kitako kinapasuka mikononi mwa mtu.

Kuhusu risasi kwenda kushoto na kulia, hakuna uchawi. Chuma kilicholegea hakirudi mahali palepale baada ya kila mlio. Risasi ya kwanza inatoka kikiwa kimeegemea huku, ya pili kikiwa kimeegemea kule. Kusogeza shabaha kwa nyundo kulikuwa kama kurekebisha saa kwa kufuata jua la siku yenye mawingu. Hakuna aliyewahi kumaliza kazi hiyo.

Nyumbani kwa fundi

Kazi ya kutengeneza silaha nayo ina leseni yake, na si kila fundi wa baiskeli anaruhusiwa kuigusa. Kijana alipita kituo cha polisi kueleza anakoipeleka, akaomba gari la shemeji yake badala ya kupanda basi nayo, na kufika kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi idara ya wanyamapori, ambaye sasa ni fundi mwenye leseni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Iko tupu?"

"Iko tupu mzee."

"Sikukuuliza wewe, naiuliza yenyewe." Mzee aliipokea mtutu ukielekea ukutani, akavuta bolti, akachungulia chemba na magazini, kisha akaingiza ncha ya kidole kidogo kwenye chemba kuhakikisha. Macho hudanganywa na kivuli, alisema, kidole hakidanganywi. Upande wa kushoto kuna kizuizi kidogo. Alikivuta, bolti yote ikatoka mkononi mwake kama mchi unavyotoka kwenye kinu. Risasi ambazo kijana alizileta kwenye mfuko zilipelekwa chumba kingine. Ndipo akakaa.

Hatua hiyo ilichukua labda dakika mbili. Yote aliyoyafanya baadaye ni ufundi, na ufundi ukikosewa unaharibu mbao. Hizo dakika mbili zikirukwa, anayeumia ni mtu.

Aliangalia vichwa vya skrubu, akatikisa kichwa. Kisu kilikuwa kimetafuna kingo za mkato. Bisibisi ya kawaida, alieleza, imechongoka kama kabari. Ukiibana inapanda juu na kuutafuna mkato. Ya kazi hii ncha yake imekatwa sambamba, inajaza mkato wote kwa upana na kwa kina. Akazifungua zile skrubu kubwa, akatoa chuma kwenye mbao na kumwonyesha kijana alichokuwa akikitafuta kwa nyundo: mbao iliyolowa mafuta pande zote za tundu la mbele, na mwanzo wa ufa nyuma ya mkia. Kwenye tundu la nyuma palikuwa na bomba dogo la chuma ambalo kiwanda huliweka ili skrubu isiminye mbao kupita kiasi. Lilikuwapo bado. Mzee alifurahi, kwenye bunduki nyingi alizoletewa, mtu aliyeifungua zamani alilipoteza na hakujua lilikuwa la nini.

Mbao iliachwa kwake majuma mawili ikinyonywa mafuta kwa unga wa chokaa na ufa ukigandishwa. Bunduki nayo ilibaki hapo kwa maandishi. Kijana aliporudi alikuta imekauka, na mzee akamfundisha kukaza.

Kwanza alirudisha chuma kwenye mbao na kuingiza skrubu zote mbili kwa vidole tu, bila kubana. Akaisimamisha wima juu ya kitako, mtutu juu, akagonga kitako mara mbili tatu kwenye gunia lililokunjwa sakafuni. Uzito wa chuma wenyewe ulishuka na jino likakaa kwenye ukuta wake. Hapo ndipo alipokaza skrubu ya mbele, kwa sababu ndiyo inayoingia kwenye jino lenyewe na ndiyo inayoamua chuma kitalala wapi. Kisha ya nyuma. Kisha akarudi mbele kidogo, na nyuma kidogo, mpaka zote zikashika. Ukianza na ya nyuma na kuibana mpaka mwisho, unaweza kuupinda mtambo kama upinde, na bolti ikawa nzito kuvuta.

"Sasa, nguvu kiasi gani?" aliuliza kijana.

Mzee ana spana yenye kipimo. Kwa kitako cha mbao kisichokuwa na nguzo za chuma ndani, mafundi wengi hukaa karibu na nyutonimita 4 hadi 5. Kwa asiyejua vipimo hivyo: plagi ya pikipiki hukazwa kwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Yule aliyekaza mpaka mkono ukauma Jumapili ile alikuwa amepita mbali. Kuna bunduki nyingine za zamani, kama Winchester Model 70 za Marekani zilizotengenezwa kabla ya 1964, zenye skrubu tatu. Pale ile ya katikati inaguswa tu ili isidondoke, ikikazwa kama wenzake inaupinda mtambo. Kwa hiyo kijana asije akajidai fundi na kukaza ya jirani kwa kipimo cha Mauser.

Kisha mzee alifanya kitu ambacho hata mtu asiyeijua bunduki angekielewa. Aliweka ncha ya kidole mbele, pale mbao inapoishia chini ya mtutu, nusu ya kidole kwenye mbao na nusu kwenye chuma. Kwa mkono mwingine alilegeza skrubu ya mbele polepole na kuikaza tena. Kama chuma kimelala vizuri, kidole hakisikii kitu. Kama mtutu unapanda na kushuka, basi skrubu inaulazimisha kukaa mahali usipotaka, na dawa yake si kukaza zaidi, ni kurekebisha mbao. Alimpa kijana naye ajaribu. Kidole hakikusikia kitu.

Mwisho zikarudishwa skrubu ndogo. Kichwa cha ile kubwa kina vijikato pembeni, na ndogo lazima iingie mkabala na kimojawapo. Ile iliyotoka mdomoni mwa mtoto ilikuwa imefungwa kwenye karatasi mfukoni mwa shati. Mzee aliipokea, akaambiwa ilikopitia, akacheka, halafu akaacha kucheka.

Mambo ambayo fundi hashughuliki nayo

Kitu kidogo cha chuma mdomoni mwa mtoto wa miaka miwili kina njia mbili. Kikienda tumboni, mara nyingi hutoka chenyewe, lakini mzazi hapaswi kukisia: apelekwe kituo cha afya, asilazimishwe kutapika, asipewe matonge ya ugali "kukisukuma". Kikienda njia ya hewa, muda ni wa dakika. Mtoto anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kupumua, aliyezidi mwaka mmoja, ainamishwe na kupigwa kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Isipotoka, abanwe kwa kumsukuma tumbo juu ya kitovu, ndani na juu, mara 5, na kurudia huku mwingine akitafuta msaada. Vidole visiingizwe mdomoni kutafuta kitu kisichoonekana, maana huishia kukisukuma chini. Mama wa Manyoni aliona kitu juu ya ulimi. Ndiyo maana alifanya sawa.

Mlio ni jambo jingine ambalo familia za wawindaji hulizoea mpaka halizungumzwi. Bunduki ya ukubwa huu hutoa mlio unaozidi desibeli 150. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa mlio wa ghafla kuwa desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Mlio mmoja unaweza kuua vinyweleo vya ndani ya sikio ambavyo havioti tena. Babu alikuwa kiziwi wa sikio moja kwa miaka yake ya mwisho, na kila mtu nyumbani aliamini ni uzee. Kumpeleka mtoto wa miaka tisa uwanja wa shabaha "azoee" bila kumfunika masikio ni kumpunguzia kusikia darasani.

Halafu kuna risasi yenyewe, kwa maana ya madini. Risasi za zamani na fataki zake zina madini ya risasi, na moshi na masizi yake hubaki kwenye mikono, nguo na vitambaa vya kusafishia mtutu. Kwa mtoto mdogo madini hayo hudhuru ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Usafi wa bunduki ufanyike nje au stoo, si juu ya mkeka ambao mtoto anatambaa, si kwenye meza ya chakula. Vitambaa vitupwe mbali, mikono ioshwe kwa sabuni, shati libadilishwe kabla ya kumbeba mtoto. Na nyama ya mnyama aliyepigwa kwa risasi ya madini hayo: vipande vidogo visivyoonekana husambaa mbali na tundu. Sehemu ya jeraha ikatwe na kutupwa kwa ukarimu, na mama mjamzito na watoto wasipewe nyama ya karibu na hapo, hata kama babu aliila miaka yote.

Mke ndiye aliyepanga namna bunduki itakavyokaa ndani ya nyumba baada ya siku ile, na mumewe hakubisha. Kabati la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani chumbani. Bolti ya bunduki inakaa mahali pengine palipofungwa, risasi mahali pengine tena. Funguo haziwekwi juu ya kabati la vyombo, ambako kila mtoto wa Tanzania anajua funguo huwekwa. Ikishasafishwa husimamishwa kwanza mtutu chini juu ya kitambaa, mafuta yashukie huko badala ya kwenye mbao. Skrubu zikifunguliwa, zinatiwa kwenye kifuniko cha chupa, na watoto wako kwa bibi yao mpaka zihesabiwe kurudi. Na mtoto wa miaka tisa amefundishwa kwamba akiiona bunduki popote, haigusi, anaondoka, anamwita mtu mzima, hata kama rafiki amemwambia ni tupu.

Rangi ya kucha

Kabla hawajaondoka, mzee aliuliza kama nyumbani kuna mtu anapaka rangi ya kucha. Kijana alisema mkewe, siku za harusi. Mzee akamwambia achore mstari mwembamba unaoanzia kwenye kichwa cha skrubu na kuendelea kwenye chuma kilicho pembeni. Mstari ukiwa mmoja, skrubu haijasogea. Ukivunjika katikati, imesogea, na mtu ataona bila bisibisi wala spana. Wengine hutegemea mkato wenyewe: kwenye bunduki zilizotengenezwa kwa uangalifu, fundi wa kiwandani huacha mikato yote ikielekea mbele, sambamba na mtutu, na ikipita hapo inajulikana mbao imeminywa. Ya babu ilikwishapita zamani, kwa hiyo ilibaki rangi.

Mke alichora mwenyewe, nyekundu, kwa mkono usiotetemeka kuliko wa mumewe. Bunduki ilijaribiwa uwanjani kwa risasi tano, masikio yamefunikwa. Zote ziliangukia mahali ambapo kiganja kimoja kingezifunika, upande wa kulia, kwa sababu ya ile nyundo. Shabaha ya mbele ikarudishwa ilipokuwa enzi za mzee, na hapo baba mdogo akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba ni jambo la skrubu.

Mwezi wa tisa, upepo mkavu ulipokwishaanza, mke alifungua kabati kutafuta vyeti vya kliniki vya mtoto. Alitupia macho chini ya bunduki. Mstari wa mbele ulikuwa umeachana kwa unene wa uzi. Alifunga kabati, akamsubiri mumewe arudi, akamwambia apige simu kwa mzee kabla ya kwenda kuomba kibali.